Safari ya Baiskeli Iliyomkosesha Rafiki Yangu Mke

Aliyekosa ni mimi. Naanza na hilo ili msije mkahangaika kumtafuta mwingine katikati ya habari. Sikupitiwa na shetani, wala hakuna aliyenituma. Ni ulimi wangu huu huu, unaotia chumvi hata kwenye maji ya kunywa.

Jina langu liacheni. Mimi ni fundi cherehani wa Nzuguni. Kidato cha nne nilikipata ukubwani, kwa masomo ya jioni, na siku ya matokeo nilishangilia mpaka majirani wakadhani nimeshinda ubunge. Ndivyo nilivyo. Niletee kitambaa cha leso, nitakushonea habari ya kanzu. Zamani nilijivunia. Sasa nimechoka, jamani! Nimejichoka mwenyewe.

Rafiki yangu nimwite Elia, ingawa si jina lake. Ni mtu wa Songea, aliletwa Dodoma na kazi ya serikali, na jioni alikuwa anatufundisha hesabu pale darasani. Hesabu zilinikataa kama mkwe mkali. Elia ndiye aliyekaa na mimi wenzangu wakishaondoka, mpaka zikanikubali. Mpole, maneno yake machache. Mimi nilikuwa naongea kwa niaba ya wote wawili.

Baiskeli ndizo zilizotufanya ndugu. Jumamosi tulikuwa tunatoka kabla upepo haujaamka, tunaipita Ihumwa, tunaiacha lami, tunaingia barabara za vumbi zinazopanda na kushuka vilimani. Huko hakuna lori wala honi. Unasikia cheni yako, pumzi yako, na kengele za ng'ombe bondeni. Kiangazi vilima vinageuka rangi ya majivu, migunga inabaki miiba mitupu, na mito ni mchanga tu. Elia alikuwa anasema huko ndiko kichwa chake kinakopumzika.

Huko ndiko alikompata Sechelela. Naye pia jina nimempa mimi. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulisimama karibu na shule yake kuziba pancha, akatuletea beseni la maji tutafutie tundu. Tundu lilionekana mapema, lakini Elia aliendelea kuuzungusha ule mpira majini kana kwamba anaosha mtoto. Nikajua mambo yameiva.

Ikafika siku ya kwenda kujitambulisha kwao. Elia akanichagua mimi niwe mshenga. Mimi! Na kwa desturi za nyumba ile, mposaji anasalimia, anakaa, ananyamaza. Mshenga ndiye mdomo wake. Mshenga akisema kijana ana njaa, basi ana njaa, hata kama ametoka kula.

Kwao Sechelela ni bonde la mbali, nyuma ya vilima tulivyovizoea, ambako hatukuwahi kufika. Elia alitaka twende kwa gari. Mimi nikasema, gari la nini? Twende na baiskeli zetu, tufike kwa fahari.

"Njia ya mkato ipo, nimeipita mara mia," nikamwambia.

Uongo! Niliisikia kwa mteja wangu mmoja wakati nampima suruali.

"Una hakika?" Elia akauliza. "Wakwe hawangojeshwi."

"Mwalimu, nikufiche nini? Ni hapo tu nyuma ya kilima. Chai ya Nzuguni itakuwa haijapoa tumboni."

Basi kilima kikazaa kilima, na hicho kikazaa mapacha. Tukafika njia panda. Pembeni palikuwa na mzee mmoja anachunga mbuzi, na Elia akataka tumuulize. Nikakataa. Mtu aliyepita njia mara mia anaulizaje? Nikakata kushoto kama mwenye mji.

Njia ile ilikuwa ya mbuzi, tena mbuzi wembamba! Miiba ilitutoboa matairi mpaka viraka vikatuishia. Tukawa tunasukuma. Halafu ardhi ikakatika mbele yetu, tukaliona korongo: mto mpana usio na tone, mchanga mweupe unaometa kwa jua. Hakuna kivuli.

Katikati ya mchanga ule misuli ya mguu wangu ikakaza. Sitii chumvi hapa, jamani, hapa naisema kama ilivyokuwa. Nililala chini nikalia. Machozi na kamasi. Nilimwambia Elia aniache hapo hapo, awasalimie wanangu.

Elia hakucheka. Alininyoosha mguu polepole, akanipa maji yake yaliyobaki. Akavusha baiskeli yake, akarudi akavusha yangu, akarudi akanivusha mimi nimemwegemea begani.

Ng'ambo walikuwepo akina mama wanachota maji kwenye visima vilivyochimbwa mchangani, vimezungushiwa miiba ng'ombe wasivuruge. Tukawasalimu kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" Wakaitikia. Mmoja akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamgeukia Elia.

"Baba, mgonjwa wako huyu unampeleka zahanati gani?"

"Si mgonjwa, mama. Ndiye mshenga wangu."

Loo! Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. "Mshenga wa kubebwa!" wakawa wanasema. "Na bwana harusi mtambeba lini?" Wakatupa maji, wakatuonyesha njia, wema kabisa. Lakini kicheko kile kilinichoma kuliko jua. Mimi nimezoea kuchekesha watu, sikuzoea kuchekwa.

Tulifika jua limeshainama. Wazee kadhaa walikuwa wameondoka. Ugali wa uwele ulikuwa umefunikwa kwenye sinia, umeshapoa. Baba yake Sechelela alikuwa amekaa na shangazi mtu na ndugu wengine, nyuso zimekunjamana. Tukatoa shikamoo, wakaitikia, tukakaribishwa viti.

"Tumewangoja tangu asubuhi, wageni," baba akasema. "Kulikoni?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: Baba, kosa ni langu, nilidanganya kwamba najua njia. Maneno hayo ni mepesi, hata mtoto angeyabeba. Lakini masikioni bado nilikuwa nawasikia wale akina mama. Nikaona wacha kicheko kihamie kwa mwingine.

"Baba, mpeni maji kwanza huyu kijana wenu!" nikasema. "Tumechelewa kwa sababu yake. Kila kilima alikuwa analia kama ndama aliyepotelewa na mama yake! Pale korongoni alilala mchangani akaniaga kabisa, nikambeba mgongoni!"

Wakacheka. Nyuso zikakunjuka. Shangazi alipiga makofi. Mimi nikisikia kicheko ni kama ng'ombe aliyenusa maji, hanizuii mtu. Nikasimama nikaigiza alivyolia. Nikaigiza alivyolala. Yaani niliigiza kilio changu mwenyewe, nikamvisha Elia, na kilimkaa vizuri maana mimi ni fundi.

Kisha shangazi akaacha kucheka.

"Sasa mwanetu akiugua huku bondeni," akasema, "huyu ndiye wa kumbeba?"

Baba akamtazama Elia.

"Sisi huku vilima ndiyo majirani zetu," akasema. "Mtu anayelia kilimani tutamweka wapi?"

Elia alinigeukia. Mara moja tu. Yeye hakuruhusiwa kusema, mdomo wake nilikuwa nao mimi. Alichongoja ni neno moja: natania. Ulimi wangu, ambao haujapumzika tangu nizaliwe, siku hiyo ukapumzika. Sechelela alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani taratibu.

Wakasema watafikiri. Kwa lugha ya wakwe, hilo ni jibu.

Tulirudi mjini juu ya fuso la magunia ya alizeti, baiskeli zetu zimelazwa pembeni. Tulipokaribia Ihumwa ndipo Elia akasema, "Ungesema hata nusu yake ni utani."

"Nilikuwa nachangamsha, Mwalimu."

"Ulimchangamsha nani?"

Nilijaribu kurekebisha. Jumamosi iliyofuata nilirudi peke yangu, kwa baiskeli. Nilimuuliza njia kila niliyemkuta, mpaka na watoto. Kumbe njia nzuri ipo, nyepesi, mto inaukatia mahali pembamba! Nilifika kabla ya adhuhuri, nikapiga magoti mbele ya baba yake Sechelela, nikamwambia kila kitu. Niliyelia ni mimi. Niliyebebwa ni mimi.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Siku ile ulisema kwa kinywa cha mwenzako," akasema. "Leo umekuja na kinywa cha nani?"

"Changu, baba."

"Basi hicho mimi sikijui. Mwenzako anitumie mtu mwingine."

Nikarudi mbio kwa Elia nikidhani nimepata ufa wa kupenyea. Atume mtu mwingine tu, mambo yataisha! Elia alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake. Hakunikaribisha ndani.

"Hapa Dodoma sina ndugu," akasema. "Mtu niliyekuwa nikimwamini ndiye huyo niliyemtuma."

Sechelela nilimpigia simu mara moja. Akaniambia, "Kaka, baba angelainika. Elia ndiye aliyekataa. Kasema hawezi kuingia nyumba iliyomcheka, kila sikukuu akae anakumbuka." Akakata. Baadaye nikasikia Elia ameomba uhamisho, na kweli akaondoka. Hakuniaga. Namba yake inaita, haipokelewi.

Siku hizi napanda vilima vile peke yangu. Ukimya nilioupenda sasa unanichosha kuliko mwinuko. Nikiwa kibandani kwangu wateja wananiambia, fundi tuchekeshe, nami nawachekesha, maana ndiyo kazi niliyozoea. Wakiondoka nakaa tu, mguu juu ya cherehani, sina hamu hata ya kutunga uzi.

Ndugu zangu mnaopenda kuchangamsha baraza, kicheko ni kitamu, lakini angalieni kimepikwa kwa kuni za nani. Na ukiombwa uwe mshenga, jiulize kwanza kama unaweza kusimama mbele ya wazee ukasema, "Aliyelia ni mimi." Kama huwezi, kataa. Mwambie rafiki yako amtafute mwingine mapema, angali ana wa kumtuma.