Siku Nilipompa Fundi Saidi Mtoto Asiye Wake

Jamani, kucheka mtacheka, najua, maana hata mimi siku hizi nacheka, lakini siku ile sakafu ya wodi ya watoto ingepasuka ningeshukuru, ningeingia mzima mzima na mtandio wangu. Na msidhani mimi ni mtu wa haya! Mtaa mzima wa Buyenzi unanijua, Zaina wa sambusa, ninayeuza pale penye magereji, mafundi wenye mikono myeusi ya oili wananiogopa kuliko wanavyowaogopa matajiri wenye magari. Ndiyo maana niliaibika kiasi kile. Mtu mpole asingefika mbali vile.

Ilikuwa wakati wa vita, nami nilikuwa namlea Shemsa, binti wa dada yangu Aziza. Dada alikuwa ameolewa mtaa wa Kamenge, na mapigano yalipochachamaa kule mtoto alikuwa kwetu, amekuja kumsalimia bibi yake, barabara zikafungwa, dada na mumewe wakakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na kutoka Uvira wakavuka ziwa hadi kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, basi mtoto akabaki mikononi mwangu, bado mdogo, bado anasema "thambutha". Baadaye mama yetu akafariki, tukabaki wawili. Sikuwa na mume, sikuwa nimezaa, ila niliapa mtoto yule hatakosa kitu, na hakukosa.

Asubuhi moja akaamka ameshika tumbo upande wa kulia, anatapika, mwili unawaka. Nikambeba mgongoni mbio hadi gereji. Fundi Saidi, jirani yetu (mtu mpole ajabu, akikanyagwa mguu ni yeye anayeomba radhi), alikuwa anajaribu pikapu ya mteja.

"Fundi, tupeleke hospitali."

"Zaina, gari ya mutu hii, atakuja kuichukua sasa hivi..."

"Tupeleke!"

Akatupeleka.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Siku chache nyuma, pale bombani tunapochota maji, mwanamke mmoja alisimulia kwamba shangazi wa mtoto fulani amerudishwa nyumbani kutoka hospitalini, ameambiwa lete mzazi ndiyo tumpasue. Mimi ndani ya pikapu maneno hayo yananizunguka kichwani tu. Mzazi nitamtoa wapi, nivuke ziwa? Kwa hiyo tulipofika, dokta akambonyeza Shemsa tumbo, akasema ni kidole tumbo, apasuliwe leo leo kabla hakijapasukia ndani, halafu muuguzi akanigeukia, mama mmoja mnene mwenye miwani, akauliza:

"We ni mama yake?"

Mimi ni mama yake mdogo. Ndivyo nilivyotaka kusema, wallahi. Lakini lile neno la mwisho nikalimeza.

"Mi ni mama yake."

"Mama muzazi?"

"Muzazi kabisa." (Hilo "kabisa" sijui lilitoka wapi.)

Akaniuliza kama nilizaa salama, nikasema salama. Akauliza mtoto aliwahi kulazwa, nikasema hajawahi. Akauliza kama kuna dawa inayomdhuru, nami nikajibu kwa kifua mbele kama mtu anayesifia bidhaa sokoni, "Apana! Huyu mutoto ana damu ya chuma." Nilikuwa nimeanza kunogewa, kusema kweli.

"Na baba yake iko wapi?"

Nikatazama huku na huku. Na wakati huo huo, mtu na bahati yake, Fundi Saidi akachungulia mlangoni huku anachezesha ufunguo, anataka kuniaga arudishe gari la watu. Kidevu changu kikamwelekea chenyewe.

"Yule pale."

Maskini Saidi! Akafungua mdomo, nikamkazia jicho, akaufunga. Muuguzi akamvaa: "Papa, mutoto wako anakufa, we unachezea ufunguo?" Wamama wote waliokuwa wameketi na wagonjwa wao wakadakia, wanaume wa siku hizi bwana, angalia, hata kumshika mtoto mkono hawezi. Saidi akaja akamshika mtoto mkono. Jasho linamtoka. Akaniinamia akanong'ona, "Zaina, unanifanya nini?" nikamjibu kwa meno yaliyofungwa, "Nyamaza, papa."

Basi angeambiwa aweke sahihi tu aende zake, ingekuwa nafuu. Lakini muuguzi akasema damu inahitajika ya akiba, na ya baba ndiyo inapimwa kwanza, na Saidi, mwanamume anayeinua injini kwa mikono miwili, anaogopa sindano kuliko risasi. Wakamkalisha kwenye benchi, wakamkunja mkono wa shati, amefumba macho, midomo inasoma dua.

Hapo ndipo akaja mkewe.

Mama Rajabu alisikia tumekimbizwa hospitali, akapika uji, akajitwisha, akaja kwa miguu (watu wa kwetu hawaachi mgonjwa peke yake). Namsikia nje ya mlango anasema, "Namutafuta mutoto Shemsa wa Buyenzi." Muuguzi akamjibu kwa sauti ya kuridhika, "Ingia, wazazi wake wote wawili wako hapa."

Halafu Mama Rajabu akapiga kigelegele.

"Aziza amerudi! Yoo, jamani, Aziza amerudi kutoka Kigoma! Alhamdulillahi!"

Mjue kwamba Mama Rajabu na dada yangu walikuwa majirani wa ukuta mmoja kule Kamenge kabla ya vita kuwatawanya. Alipiga kigelegele cha kweli, machozi yanamtoka, na wodi nzima ikaitikia, maana nani wakati ule hakuwa na mtu anayemsubiri? Hata mlinzi wa getini akaja kuangalia. Mama Rajabu akaingia na sufuria kichwani, mikono wazi, anamtafuta Aziza amkumbatie, na akanikuta mimi. Na mume wake pembeni, mkono wa shati umekunjwa.

Kigelegele kikafa.

"Aziza iko wapi?" akauliza polepole. "Na we, Baba Rajabu, unafanya nini hapo?"

"Mi ni baba," akasema Saidi, na kwa uso wake ungedhani anakiri wizi.

Wodi ikalipuka. Mwanamke mmoja alicheka hadi akamkabidhi jirani mtoto wake ili ajifute machozi. Shemsa naye, na homa yake yote, akainua kichwa akaeleza kwa sauti nyembamba: "Yule ni fundi. Huyu ni mama mdogo. Mama iko Kigoma."

Muuguzi akavua miwani. Sindano ya dawa ilikuwa mkononi mwake, alikuwa akimwendea mtoto, na mimi natafuta uongo mwingine wa kunitoa pale, lakini Mama Rajabu hakuwa ananiangalia tena. Alikuwa anaangalia ile sindano.

"Hiyo ni dawa gani?"

"Penisilini."

"Apana! Apana, usimuchome!" Akaweka sufuria chini, uji ukamwagika. "Huyu mutoto alichomwa hiyo akiwa na mwaka mumoja, mi na Aziza tulimukimbiza, alivimba uso wote, hata pumzi ilikuwa inakataa. Aziza hakukuambia, Zaina?"

Aziza angeniambia wapi? Yeye alikimbia na nguo za mwilini, na mimi sikuwahi kuuliza. Nikakumbuka "damu ya chuma", nikakaa chini sakafuni, kwenye uji.

Dokta aliitwa, akabadilisha dawa. Kisha akaniuliza, "Nani anamulea huyu mutoto?" Nikasema mimi. "Basi hiyo ingetosha, mama. Nusu ya hii wodi wameletwa na mabibi na wajomba. Tukisubiri wazazi katika vita hii, tutazika watoto. Mi nilitaka sahihi ya mwenye kumulea. Na ukweli." Nikaweka sahihi, na chini yake nikaandika mama mdogo, kwa herufi kubwa.

Shemsa alipasuliwa akapona vizuri. Saidi alimkuta mwenye pikapu gereji anapiga kelele, na mafundi, Mungu anawaona, wakaniita "bi mdogo" wa Saidi hadi mwezi wa mfungo ukapita. Mama Rajabu mwenyewe ndiye aliyekuwa akicheka kwa sauti kubwa zaidi. Lakini kabla ya hapo alikaa nami kitako, akanieleza kila ugonjwa wa mtoto yule tangu anazaliwa, na nilimsikiliza kama mwanafunzi.

Mdomo wangu haujapungua, msijidanganye. Ila siku hizi dokta akiniuliza kitu nisichokijua kuhusu mtoto, nasema sijui, na nasema kwa sauti hadi walio nje ya mlango wasikie.