Nimechukuliwa Mto

Ukiuliza pale Kikwe nyumba ya Penina iko wapi, utaonyeshwa vizuri tu, kisha anayekuonyesha atakutazama usoni kuona kama kweli una nia ya kwenda. Penina si mkali. Ila ana maneno yake, na akishayasema hayarudishi nyuma, yawe yanampendeza mtu au hayampendezi. Alishamwambia mchungaji, mbele ya usharika mzima, kwamba mahubiri yakirefuka ng'ombe hawajikamui. Tangu siku hiyo ibada ya kwanza inakwisha mapema, na wanaofaidika hawamshukuru.

Mumewe Melkizedeki alikuwa seremala. Mwaka waliooana alimtengenezea kitanda cha mbao ya mringaringa ambacho mpaka leo hakijawahi kulia. Walilea humo watoto wanne, wakaugua humo kwa zamu, wakagombana humo, na mwisho Melkizedeki akafia humo. Baada ya mazishi nguo zake ziligawiwa kwa ndugu kama desturi inavyotaka, na shemeji mmoja akaomba na mto. Penina hakutaka kuutoa, lakini hakutaka pia kuonekana mchoyo mbele za watu, akautoa. Ukabaki mto mmoja tu, wa sufi, wenye foronya aliyoidarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu alipokuwa msichana: LALA SALAMA. Hakulala salama kwa muda mrefu sana, na hilo hakumwambia mtu.

Kuhusu mbwa, Penina alikuwa na msimamo wa wazazi wake. Mbwa ni wa nje. Analinda, anakula ukoko, analala chini ya ghala la mahindi, basi. Kwa hiyo jirani yake Pudensiana alipomletea mtoto wa mbwa mwenye masikio makubwa kuliko kichwa, Penina alimwonyesha ghala, akamwita Bosi kwa kumkejeli, akaingia ndani akafunga mlango.

Bosi hakuelewa kejeli. Mvua za masika zilipoanza alilia mpaka akaruhusiwa jikoni, siku hiyo tu. Kutoka jikoni akahamia kwenye mkeka wa sebuleni, naye Penina akajisemea kwamba mkeka ule ulikuwa mbovu hata hivyo. Kutoka mkekani akasogea miguuni pa kitanda. Asubuhi moja Penina akaamka na kukuta upande wa ukutani, upande wa Melkizedeki, una mwenyewe. Akanyanyua mkono amchape. Mkono ukatua juu ya ule mgongo wenye joto, ukabaki pale pale, na usingizi ukamrudia mpaka ng'ombe wakaanza kumlalamikia bandani. Alikuwa hajalala hivyo tangu msiba. Alifurahi, kisha akaona aibu kwamba aliyemfurahisha ni mbwa.

Mto ulifuata baadaye kidogo. Bosi aliuanza kwa sikio moja, akaongeza kidevu, na kabla mahindi hayajafika magotini alikuwa ameumiliki wote. Penina akimsukuma, anashusha pumzi ndefu ya mtu aliyechoshwa na kazi.

Mwanawe mkubwa, Daniel, ni fundi wa friji mjini, anakaa Lemara. Amejenga, na kwenye nyumba hiyo kuna chumba kinachoitwa chumba cha mama, chenye vigae, godoro nene na mito miwili. Chumba hicho hakijawahi kulaliwa. Daniel ana hofu moja maishani, nayo ni ule mto unaopita nyuma ya shamba la mama yake, ambao mvua ikipiga mlimani hupanda bila taarifa. Mkewe, Ruth, naye ana sharti lake, na alilisema kwa adabu: mama aje hata kesho, ila mbwa ndani ya nyumba, hapana.

Jumamosi moja asubuhi, mvua ikiwa haijakatika, Daniel alipiga simu.

"Mama, shikamoo. Mto ukoje?"

"Marahaba. Mto uko mtoni."

"Mama, sitanii. Ukija juu utafanyaje peke yako?"

"Siko peke yangu. Niko na Bosi."

Daniel akasema jambo alilokuwa amelipanga kwa siku nyingi. "Basi tukubaliane. Mvua hizi, kikitokea kitu, hata kimoja, nakuja kukuchukua, na hatujadiliani."

"Sawa," Penina akasema.

Alilisema kwa sababu alikuwa na uhakika hakitatokea kitu. Ila simu ilipokatika alikaa akaliangalia lile sawa lake, akaona ni kubwa kuliko alivyokusudia. Ameshalisema, na yeye hajulikani kwa kurudi nyuma.

Mchana, baada ya kula loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando na kulamba kijiko, alikwenda chumbani ajinyooshe. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Bosi alikuwa amelala mshazari toka kona hadi kona, kichwa juu ya LALA SALAMA, miguu minne ikisukuma ukuta. Penina alimsukuma. Bosi akashusha pumzi. Penina akapata nafasi ya nyonga moja pembeni mwa kitanda, akavuta ncha ya blanketi, akaanza kucheka peke yake. Akaona amtanie Daniel kidogo, maneno ya asubuhi yasije yakalala na uchungu. Akachukua simu yake ya vitufe, akaandika taratibu:

"Daniel nimechukuliwa mto. Kitanda nacho kimekwenda. Nimebaki ukingoni nashikilia blanketi."

Akatuma. Akaanza wa pili, "Huyu Bosi hana hata," na hapo simu ikazima, maana umeme ulikuwa umekatika tangu jana na chaji ilikwisha. Akaitupia miguuni, akalala.

Sasa usome ujumbe ule kwa macho ya mtu ambaye tangu asubuhi anawaza mto wa maji. Daniel aliusoma akiwa ameinama nyuma ya friji la bucha moja mjini, bisibisi mdomoni. Akapiga, simu haipatikani. Akapiga tena. Kisha akampigia Anaeli, mzee wa kanisa, ambaye nyumba yake iko ubavuni mwa kanisa pale Kikwe, akamwambia kwa sauti ambayo Anaeli hakuwahi kuisikia kwake: "Mzee wangu, mama amechukuliwa na mto."

Anaeli hakuuliza swali. Alikwenda moja kwa moja kwenye kengele.

Kengele ikilia Kikwe saa isiyo ya ibada, watu hawaulizani kama ni kwetu au ni kwao. Waliacha sufuria jikoni. Wakaja na kamba, na majembe, na Godbless wa mashine ya kusaga akaja na tyubu ya tairi la trekta shingoni. Nusu walikimbilia mtoni. Maji yalikuwa mekundu, yamejaa, ila yalikuwa ndani ya kingo zake. Hilo halikumzuia Godbless kuingia mpaka kifuani na kupapasa chini ya miti iliyolala, akiita jina la Penina.

Nusu ya pili walikwenda nyumbani na Anaeli. Nyumba ilikuwa kavu, mlango umerudishwa tu. Wakaingia sebuleni, wakasikiliza. Kimya. Hapo Anaeli akakwama, maana mbele yake kulikuwa na pazia la chumba cha mjane, na mzee wa kanisa haingii chumbani kwa mjane hata kama mjane huyo amechukuliwa na maji. Alisimama na kamba yake begani, akapiga hodi. Akapiga tena.

"Mama Daniel," akasema, "kama uko hai, tafadhali itikia."

Pudensiana, ambaye ni Mkatoliki na hakuwa na cheo cha kupoteza katika usharika ule, akamsukuma pembeni na kufungua pazia. Bosi alifungua jicho moja. Hakubweka. Penina alikuwa pembeni mwa kitanda, mguu mmoja unaning'inia, amelala fofofo.

"Mama Daniel. Watu wanakutafuta mtoni."

Penina aliamka polepole. "Mtoni nifuate nini?"

"Daniel amesema umechukuliwa na mto."

Penina alimtazama Pudensiana, akatazama kile kichwa kilichotulia juu ya foronya yake, na maneno aliyoyaandika yakamrudia moja baada ya jingine.

"Si uongo," akasema. "Ila aliyeuchukua ni huyu."

Kicheko kilianzia chumbani, kikapita sebuleni, kikatoka uani na kwenda kukutana na waliokuwa wanarudi mtoni. Anaeli alicheka mpaka akakalia kamba yake. Penina naye alicheka, mpaka alipotoka nje na kumwona Godbless anatetemeka kwa baridi, tyubu bado shingoni. Hapo kicheko kikamwishia. Akaingia ndani, akarudi na koti la Melkizedeki, lile moja ambalo hakuligawa kwa mtu, akamvalisha na kumfunga vifungo mwenyewe.

Daniel alifika watu wakiwa bado pale, uji uko motoni. Pikapu yake ilikuwa imekwama njiani mara kadhaa na alikuwa tope mpaka kiunoni. Alikuwa amelia, kila mtu aliona, na kila mtu akajifanya anaangalia kitu kingine. Alipomwona mama yake amesimama na mwiko mkononi, alimshika mabega, akamwachia, akamshika tena. Walipomwelezea, hakucheka.

"Mama, nilisema kitu kimoja tu," akasema. "Ukasema sawa. Fungasha."

Wote pale walijua jinsi Penina alivyo na neno lake. Anaeli aliinamisha kichwa, na Pudensiana akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu hawajamaliza kunywea.

"Nilisema sawa," Penina akasema. "Na nitafungasha. Sitakuruka mbele za watu. Ila nijibu kwanza. Wewe umekwenda kwenye mafriji yako. Ruth yuko kazini, watoto shuleni. Mimi nimelala kwenye kile chumba cha vigae, na siamki. Nani atapiga kengele?"

Daniel alimtazama Anaeli mwenye kamba, na Pudensiana mwenye kiatu kimoja, kile cha pili kimebaki kwenye tope. Akamtazama Godbless. Akalitambua koti.

"Uliingia majini?" akamuuliza.

"Nilijua yuko chini," Godbless akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Daniel akakaa kwenye ngazi ya mlangoni. "Mama, nilijua nimekupoteza," akasema. "Njia nzima nilijua."

Penina akakaa karibu naye. Alitaka kumwomba radhi, na kwa kuwa ni mtu wa kusema, akasema. "Unisamehe, mwanangu. Nilikuwa nakutania." Kisha akampa kikombe cha uji, akasubiri.

"Usifungashe," Daniel akasema alipokimaliza. "Hilo neno nalirudisha mimi. Ni langu, nilikupa mwenyewe."

Watu walitawanyika wakijua kwamba habari hii wataisimulia mpaka Krismasi. Godbless aliondoka na koti, na Penina hakumdai.

Juma lililofuata ile pikapu ilirudi, njia ikiwa imekauka. Kitanda cha Lemara Daniel hakukileta, maana anajua kile cha baba yake hakibadilishwi. Alileta godoro la chumba cha mama, ambalo lilikuwa pana kupita kitanda, ikabidi walikate kwa kisu cha mkate huku Bosi anasimamia. Alileta na ile mito miwili. Chini ya mito kulikuwa na mfuko.

"Huo kautuma Ruth," akasema. "Kasema ufungue mwenyewe."

Ndani kulikuwa na mto wa tatu, mdogo, wa kutoshea kichwa kimoja chenye masikio. Foronya yake ilikuwa mpya, na juu yake, kwa uzi mwekundu, kwa mkono wa mtu asiyezoea kudarizi, kulikuwa na herufi nne: BOSI. Penina alipitisha kidole juu ya herufi zile, moja moja. Ruth hakuwahi kumuuliza uzi wa foronya yake ya usichana ni wa rangi gani. Inamaanisha alikuwa ameutazama.

Bosi alipanda kitandani kabla shuka halijatandikwa, akaukanyaga mto wake, akaenda kulala juu ya LALA SALAMA.

Penina akaomba simu ya Daniel, akampigia Ruth.

"Mkwe wangu," akasema, "mto umefika."

Kisha, kwa kuwa sasa amejifunza, akaongeza: "Wa kulalia."