Kodi ya Kwanza Dirisha la Tatu

Nilipoanza kazi katika halmashauri ya mji mmoja unaopakana na Toronto, nilipewa dirisha la tatu kwa sababu wenzangu hawakulitaka. Lilikuwa karibu na mlango, na kila mlipa kodi aliyeingia wakati wa baridi aliingia na upepo wake. Nilikuwa mfanyakazi wa mkataba wa mwaka mmoja, sina likizo ya maana, sina uhakika wa kesho. Nilitoka North York, nilikokuwa nikiishi, alfajiri, nikabadilisha mabasi mawili, nikafika nimevaa kama gunia la mkaa.

Mwezi wangu wa pili, madiwani walipitisha majaribio: kwa mwaka mmoja, wakazi wataruhusiwa kulipa kodi ya majengo kwa bitcoin na sarafu nyingine za mtandaoni. Msimamizi wetu, mama wa Kikanada mwenye mvi na moyo mpole, alituita akauliza nani atajifunza mfumo huo ahudumie watu watakaokuja. Watu wakatazama viatu vyao. Nikanyoosha mkono.

Sikuwa mtaalamu wa kompyuta. Lakini Morogoro niliwahi kuwa wakala wa pesa za simu, enzi ambazo watu walikuwa bado wanabishana kama pesa isiyoshikika ni pesa. Kina mama walikuja kwenye kibanda changu wameshika simu kwa ncha za vidole, kama chapati iliyotoka jikoni sasa hivi. Baada ya miaka miwili hao hao ndio walikuwa wananigombeza nikichelewa kufungua. Kwa hiyo sikuogopa kitu kipya. Nilichoogopa ni mkataba wangu kuisha.

Mfumo wenyewe nilijifunza kwa wiki moja. Mji haukushika sarafu hizo hata kwa sekunde. Mkazi alifungua ukurasa wa malipo, akaona deni lake kwa dola, akatokewa na msimbo wa QR, ule mchoro wa vimraba vyeusi na vyeupe. Aliupiga kwa kamera ya simu yake, sarafu zikaondoka, kampuni iliyo katikati ikazigeuza dola papo hapo, na dola ndizo zilizoingia kwetu. Bei iliyoonyeshwa ilidumu dakika kumi na tano tu. Zikipita, unaanza upya. Nikaandika maelekezo kwa lugha ya mtu wa kawaida, nikabandika tangazo kwenye kioo, nikasubiri.

Sikupata mtu. Maua ya masika yakaja yakaenda, kiangazi kikapita, majani yakapukutika. Mwenzangu wa dirisha la pili alikuwa na mchezo wake wa kila Ijumaa. "Wangapi wiki hii?" anauliza, nami nachora sifuri hewani. Kulikuwa na diwani mmoja aliyepinga jambo hili tangu siku ya kwanza. Akipita mapokezi hakosi neno. "Bado hujatajirika?" ananiuliza, anacheka peke yake mpaka kwenye lifti. Alishatangaza kwamba awamu ya mwisho ya kulipa kodi mwaka huo ikiisha bila mlipaji, ataomba majaribio yafutwe. Na msimamizi aliniambia ukweli bila kunizungusha: majaribio yakifutwa, hana hoja ya kuombea mkataba wangu mpya.

Siku ya mwisho ya awamu ilikuwa siku ya barafu. Saa nane mchana waliingia wazee wawili wa Kihindi, mume na mke. Mume alikuwa mrefu, amevaa koti zito na kofia ya sufu. Mke alikuwa mfupi, mkoba mkubwa kifuani. Mzee alikuja moja kwa moja dirishani kwangu, akasema kwa Kiingereza kizuri kwamba anataka kulipa kwa bitcoin.

Niliganda. Mwaka mzima nilikuwa nimefanyia mazoezi sentensi ya kumjibu mtu huyu, na sasa imenitoka kichwani.

Mke aliniangalia, akamgeukia mumewe, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Huyu binti hata yeye hajui. Twende zetu, mimi niandike hundi."

"Nitaweza, mama," nikasema. "Shikamooni."

Ungeuona uso wake! Alijifunika mdomo kwa mkono wenye glavu. Mzee alicheka mpaka akashika kaunta.

"Marahaba, marahaba," akasema. "Miaka yote tumetumia Kiswahili kusengenya watu hapa Canada. Leo tumekamatwa."

Mzee alizaliwa Bukoba, akawa na duka Masaka, Uganda. Walikuwa wameoana miaka mitatu tu Waasia walipofukuzwa. Walifika Canada na sanduku moja, wakafanya kazi ya kufua na kupiga pasi nguo za watu kule Parkdale, Toronto, mpaka wakamiliki duka lao la dobi, na sasa wamestaafu katika mji wetu, nyumba ya kona yenye bustani. Yote hayo aliniambia huku akitafuta simu mfukoni. Alipoitoa, nilikata tamaa. Kioo kilikuwa kimesagika. Alikuwa ameteleza kwenye barafu ya maegesho, yeye akapona, simu ikafa.

"Basi," mke akasema, akafungua mkoba. Kitabu cha hundi kilikuwa juu kabisa, na kalamu imechomekwa ndani. "Mungu ameamua."

"Mzee," nikauliza, "maneno ya siri ya pochi yako unayo?"

Maana pochi ya sarafu hizi haikai ndani ya simu kama noti kwenye mto. Ina maneno kumi na mawili ya kawaida ya Kiingereza, kwa mpangilio maalumu. Ukiwa nayo, unaifungua upya kwenye simu yoyote. Ukiyasahau, imekwenda.

"Ninayo."

"Yako nyumbani?"

Akagusa kofia yake. "Yako hapa."

Mke akamkodolea macho. "Hujaandika popote?"

"Karatasi hupekuliwa," akasema mzee taratibu. "Umesahau? Njia nzima ya kwenda uwanja wa ndege, kila kizuizi wanajeshi walitushusha. Walichukua saa yangu. Walichukua bangili zako. Walipekua mpaka pindo la gauni lako. Kichwani hawakupekua."

Mama aliingiza mkono mkobani. Alitoa simu yake mwenyewe, akaiweka mbele ya mumewe. "Ukinipotezea picha za wajukuu, utanitambua."

Nilimwomba msimamizi ruhusa ya kufunga dirisha, tukahamia kwenye meza ya pembeni. Kwa utaratibu wetu sikuruhusiwa kugusa simu ya mteja, hivyo niliwaelekeza kwa mdomo tu jinsi ya kupakua programu ya pochi kwenye simu ya mama, na hilo peke yake likachukua karibu saa nzima. Nikamwambia mzee, "Maneno hayo usimtajie mtu. Hata mimi. Nikikuuliza, ujue mimi ni mwizi." Kisha nikageuka nikatazama ukuta. Mama naye akageuzwa, akinung'unika kwamba mke wa miaka hamsini na kitu anageuzwa ukutani kama mtoto mtundu.

Nyuma yetu tulisikia kidole kikigonga kioo. Neno moja. La pili. Anapumzika. Anagonga tena. Halafu kimya.

"Kuna nini?" mama akauliza ukuta.

"Nimefika la tisa. Limenitoka."

Nilifumba macho. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Ofisi ilifungwa saa kumi na nusu.

"Unayakumbuka vipi, mzee?" nikauliza. "Una mtindo wowote?"

Akasita. "Nimeyapanga dukani."

"Duka lipi?" mama akauliza.

"Letu. La Masaka. Naingia mlangoni, kila kitu kinanikumbusha neno moja. Kila asubuhi kabla sijaamka kitandani nalizunguka mara moja, nisije nikasahau."

 Nilimwona mama kwa pembe ya jicho, ameukumbatia mkoba wake. Baadaye aliniambia kwamba tangu watoke Uganda mumewe hakuwahi kulitaja duka lile. Alidhani amelisahau, naye hakutaka kumtonesha.

"Umeingia mlangoni," akasema hatimaye, polepole. "Kushoto kuna majora ya kitambaa. Umepita?"

"Nimepita. Nimepita kaunta. Nimefika kwenye mizani. Baada ya mizani ni debe la mafuta ya taa, lakini debe halinipi neno."

"Halikupi kwa sababu halipo hapo! Debe tulilihamishia nje, paka alipotumbukia. Pale pa debe uliweka pasi ya mkaa. Ile kubwa, yenye jogoo wa shaba juu ya mfuniko. Mimi ndiye niliyeipangusa vumbi kila siku."

Nikasikia mzee akivuta pumzi. "Pasi," akasema, kama mtu aliyekutana na ndugu njiani. Kidole kikagonga. La kumi, la kumi na moja, la kumi na mbili, bila kusimama.

"Geukeni," akasema. Pochi ilikuwa wazi.

Nilifungua ukurasa wa malipo kwenye kompyuta yangu. Mara ya kwanza mama alitaka asomewe kila mstari, na dakika kumi na tano zikaisha tukiwa katikati. Tukaanza upya. Mara ya pili mzee alinyanyua simu kwa mikono miwili, akaupiga picha ule mchoro, akabonyeza. Sasa hakukuwa na la kufanya ila kungoja mtandao uthibitishe.

Saa kumi na dakika tano. Wenzangu walikuwa wameacha kazi zao waziwazi. Wa dirisha la pili alisimama nyuma yangu, hana mzaha tena. Saa kumi na dakika kumi na mbili. Mama akafungua kitabu cha hundi, akaandika tarehe. "Ikifika na ishirini naandika kiasi," akasema, ila kalamu aliishikilia hewani, na macho yake yalikuwa kwenye kioo changu.

Ikageuka kijani. Imelipwa.

Sijui nini kilinipata. Nilipiga kigelegele. Katikati ya ofisi ya serikali ya mtaa, siku ya kazi, kigelegele cha harusi ya Morogoro. Watu wa foleni ya vibali vya kufuga mbwa waligeuka wote. Na kabla sijapata muda wa kuona haya, mama yule mfupi aliinua kichwa akanijibu kwa chake, chembamba na kirefu, sijui alikuwa amekificha wapi miaka yote hiyo. Mwenzangu wa dirisha la pili akaanza kupiga makofi, msimamizi akatoka ofisini kwake akidhani kuna mtu ameumia, akaona kioo, akanikumbatia.

Nilichapa risiti. Mzee aliipokea, mama akamnyang'anya. Aliisoma mara mbili, akaangalia muhuri, akaikunja nne akaitia kwenye mkoba.

Wiki tatu baadaye hoja ya kufuta majaribio ilifika barazani. Nilimpigia mzee simu kumwambia kwamba mkazi yeyote anaruhusiwa kusema mbele ya madiwani kwa dakika tano. Alikuja na suti na mkewe. Yule diwani alisimama, akasema mwaka mzima umetuletea mlipaji mmoja, mmoja tu, na akaketi akitabasamu.

Mzee alikwenda kwenye kipaza sauti. Hakutumia hata dakika mbili.

"Huyo mmoja ni mimi," akasema. "Niliwahi kuishi katika nchi ambayo serikali ilinichukulia duka, nyumba na saa ya mkononi, haikuniuliza chochote. Leo nimesimama mbele ya serikali inayoniuliza ningependa kuilipa kwa njia gani. Kodi yangu mmeipata yote, kwa dola, kabla ya saa ya mwisho. Sikuomba punguzo. Naomba tu msiache kuuliza."

Akarudi kwenye kiti chake.  Diwani mwingine, aliyekuwa bado hajasema neno, aliuliza kama mji ulipoteza hata senti katika malipo yale. Msimamizi wangu akasimama akajibu: hata moja. Kura zikapigwa. Majaribio yakaongezwa miaka miwili, na mikono iliyopinga ilikuwa miwili tu. Ajabu ni kwamba wa yule diwani haukuwamo. Aliunyoosha upande wetu, akitazama meza.

Barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuja mwezi uliofuata. Niliisoma ndani ya basi, nikapitiliza kituo, nikashuka mbali nikatembea kwenye theluji nikicheka kama mwehu. Usiku huo, Morogoro ikiwa asubuhi, nilipiga simu nyumbani, na mama yangu aliposikia aliniuliza swali moja tu: kama sasa nitahamishwa pale mlangoni penye upepo. Nikamwambia nimeulizwa, nimekataa.

Jumapili iliyofuata wazee waliniita nyumbani kwao. Mama alikuwa amepika kuku wa nazi na mihogo, na wajukuu wawili wakubwa walikuwa mezani wakijibu kwa Kiingereza kila walipoulizwa kwa Kiswahili. Tulipomaliza kula, mzee alichukua kipande cha karatasi na penseli. Akaanza kuchora duka la Masaka: mlango, kaunta, rafu. Mama akasogeza kiti chake, akamsahihisha hapa na pale. Wajukuu wakaacha simu zao, wakainama juu ya meza. Mmoja akaweka kidole kwenye mchoro akauliza, kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, wapi alikuwa anakaa bibi.