Mawe Yaliyokunywa Jua

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji, kule Malinya, mwangaza usio na moshi jioni ulikuwa na maana moja tu: mlozi yuko njiani. Tuliambiwa walozi hukimbia uchi wakibeba moto usiochoma, na kwamba ukiuona ufunge mlango, usiulize ni nani. Niliamini, na sioni haya kusema hivyo.

Bibi yangu, tuliyemwita Kukhu, macho yalikuwa yameanza kumwacha. Giza likiingia alipapasa ukuta, kisha ua wa michongoma, hadi chooni, nasi ndani tukingoja kusikia kishindo. Kitindamimba wake, baba mdogo Muhanji, alikuwa mwanajeshi. Likizo moja akaja na mkebe wa rangi ya jeshini, akapaka mawe na kuyapanga pande mbili za njia, kutoka mlangoni hadi chooni.

"Hii inakunywanga jua mchana, jioni inatoa," akamwambia. "Huko nilikuwa, tuliwekanga hivi mahali hakuna bomu. Wakirusha ile baruti ya mwangaza, ile inashuka na mwavuli, unaona mpaka sindano. Ikizimika unabaki na hizi alama tu. Ukae ndani ya mstari, Mama. Hakuna kitu itakugusa."

Kukhu aliutazama ule ukijani ukijitokeza kadiri giza lilivyoingia. Hakufurahi.

"Muhanji, watu wataona mataa. Mimi hawataniona."

Baba mdogo alicheka, akarudi kambini. Kukhu naye akazoea, akawa anatembea bila kupapasa, hata akiimba.

Kisha mtoto wa jirani yetu Rasoha akafa kwa homa. Waliokuja matangani walimwona Kukhu kutoka ng'ambo ya bonde, ameinama, anapita katikati ya mistari miwili ya mwangaza wa kijani. Jioni ya mazishi wakaja kwetu na mapanga na mafuta ya taa. Walikuwamo wanawake ambao Kukhu aliwazalisha kwa mikono yake. Mama alinivuta nyuma ya mlango, nikachungulia kwenye ufa. Kukhu alikuwa anatoka chooni. Alisimama katikati ya njia, fimbo mkononi.

"Rasoha, ni mimi," alisema. "Kuja uguse. Ni rangi."

Hakuna aliyegusa. Hakuna hata aliyethubutu kuvuka mstari. Walisimama pale miguu yao ikimulikwa na mawe, na nikaona kwamba walituogopa kuliko sisi tulivyowaogopa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, na linanitisha hadi leo.

"Mpaka kesho hii vitu isikuwe hapa," Rasoha alisema mwishowe, wakaondoka.

Asubuhi mimi na Mama tuliyabeba mawe kwa karai, tukayatupa kwenye shimo la dhahabu lililoachwa. Shimo halikuwa refu, na jua la mchana lilifika chini. Jioni likang'aa. Wachimbaji wa mashimo ya jirani walikusanya sururu zao, wakahama.

Kukhu akarudia kupapasa. Mvua zilipoanza aliteleza kwenye njia ileile, akavunjika nyonga, na hakuinuka tena. Rasoha alilia kaburini kuliko sisi. Baba mdogo alifika na magwanda yake, akasimama mlangoni, akauliza mawe yako wapi.

Nilimchukia Rasoha miaka mingi. Siku hizi namkumbuka kama mtu aliyekuwa amemzika mtoto wake mchana ule, akatafuta mahali pa kukiweka kifo kile, akaona kwetu kunawaka. Bado sijaweza kumsamehe vizuri.

Shimo limejaa tope na magugu, haling'ai tena, lakini watu wangali wanazunguka mbali. Juzi tulipita huko, na binti yangu akauliza kuna nini pale kinachoogopwa hivyo.

"Ni njia ya Kukhu," nilimwambia, "ya kwenda chooni."