Filamu ya Kitabu cha Baba

Mimi ni mtu wa kununa nikitazama filamu iliyotokana na riwaya. Kitabuni njaa inaua watu kurasa nzima, kwenye filamu mashavu yamewajaa. Wenzangu huniambia niwaache watazame kwa amani. Lakini hii moja niliitafuta mwenyewe Songea mjini, kwa kijana anayeuza muvi za kutafsiriwa, nikaipeleka nyumbani Matogoro nikiwa na furaha, maana ilitokana na kitabu cha baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila baada ya mavuno, tukikaa barazani kupukuchua mahindi, yeye alisamehewa kazi ili atusomee. Alisoma riwaya ileile, ya zamani, ya huko Ulaya, iliyotiwa Kiswahili: mama mmoja anavuka nchi yenye vita kumfuata binti yake mgonjwa. Mwishoni anamkuta kitandani, binti anafumbua macho, wanarudi nyumbani. Hapo mama yangu, ambaye hakujaliwa kusoma, aliacha gunzi mkononi mpaka baba amalize. Mimi sikuwahi kukifungua kitabu chenyewe. Cha nini, wakati chote nilikuwa nacho kichwani?

Mama alikuwa na sababu ya kukipenda. Dada yangu, mtoto wake wa kwanza, alifia hospitalini akiwa darasa la kwanza. Mimi ndiyo kwanza nimezaliwa, na mama hakuweza kunyanyuka kitandani. Baba ndiye aliyekuwa na dada, akarudi na maneno haya: alilala tu, hakuteseka. Mama aliishi kwa maneno hayo. Kitabu kilianza kusomwa msimu uliofuata.

Sasa baba naye hayupo. Jumapili, baada ya misa, nikamkalisha mama mbele ya runinga. Kumbe wameileta hadithi katika zama zetu: yule mama amevaa jinzi na ana simu. Nikaanza kununa. Mama akacheka.

"Kama ana simu, si ampigie huyo binti?"

Alifurahi sana, akawa anamtangulia mtafsiri: sasa atafika mtoni, sasa watamnyang'anya mzigo. Mtafsiri mwenyewe, kijana anayesimulia juu ya picha, alikuwa na mbwembwe nyingi, sauti yake imewafunika waigizaji wote. Mwishoni akasema, "Ndiyo hivyo wadau, bi mkubwa kachelewa."

"Huyo kijana hajui lugha," mama akasema. "Hajachelewa."

Lakini picha haikuhitaji kutafsiriwa. Kaburi lilikuwa bado bichi. Nesi akasimulia jinsi binti alivyoteseka, akimwita mama yake mpaka sauti ikakauka.

Nikasema wameharibu, siku hizi wanabadilisha wanavyotaka. Nikakitoa kitabu kabatini nimsomee mama mwisho wa kweli, moyo wake utulie. Nikafungua kurasa za mwisho na kuanza kwa sauti. Kaburi lilikuwemo. Nesi alikuwemo, na maneno yake yote. Nikafunua kurasa za nyuma, nikitafuta pale binti anapofumbua macho.

"Endelea," mama akasema.

Nikaendelea, maana uso wangu ulikuwa umeshasema. Nilipomaliza alishika pindo la kitenge chake.

"Kumbe alikuwa anatunga," akasema. "Miaka yote ile alikuwa anatunga." Kisha akanigeukia. "Na dada yako, je? Alilala kweli?"

"Alilala, mama. Baba asingekudanganya kwa hilo."

"Wewe ulikuwa unanyonya. Utajuaje?"

Nampenda baba kwa kurasa alizotutungia, na kuna siku namkasirikia, kwa kuwa aliondoka bila kumwachia mtu ukweli. Mama anamlilia dada upya, kana kwamba amefariki wiki hii. Chakula hakipiti kooni. Juzi nilijaribu kumsomea mwisho wa baba, ule wa barazani, kama ninavyoukumbuka. Alinisikiliza kidogo, akaniomba nifunge kitabu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumwita mama yake mpaka sauti ikauke.