Weji ya Papa Kutoka Soko la Bunia

Enzi zetu, ndugu zangu mliokulia samaki wa chumvi wa makayabo na majani ya sombe, Bunia ilikuwa na uwanja wa gofu. Msicheke. Wazungu wa dhahabu waliuacha kule kilimani walipoondoka, na wakubwa wetu wakaurithi pamoja na nyumba, magari na kiburi. Mashimo yalikuwa tisa. Matatu yalipandwa mihogo mwaka wa kwanza, yakabaki sita, na ng'ombe wa mkubwa mmoja wakapewa kazi ya kukata majani. Kuzunguka kila shimo, mahali wachezaji wanapopaita grini, hapakuwa na kijani hata cha dawa. Ulikuwa mchanga uliomwagiwa oili chafu ya malori ili usipeperuke, na jua la saa sita likiupiga, kilima kizima kilinuka gereji. Sisi watoto tuliamini hiyo ndiyo harufu ya utajiri.

Papa, baba yangu, alikuwa mbeba mifuko ya fimbo pale. Aliwabebea Wazungu akiwa kijana, kisha akawabebea wenye nchi. Mabadiliko yalikuwa makubwa mno: neno "bwana" lilipigwa marufuku, kila mwenye suti ya abakosti akawa sitwayeni, yaani raia, na Papa, ambaye zamani aliitwa "boi", sasa aliitwa "weye". Tulipiga makofi shuleni kwa maendeleo hayo.

Shida yake ni kwamba alicheza vizuri kuliko wote, na watu walisema. Sitwayeni Direkteri, mkubwa wa chama cha wachezaji, alichoka kusikia kwamba mbeba mfuko wake anampita. Siku moja akatangaza mbele ya watu: Jumapili watacheza wawili. Papa akishinda ataingia chamani kama mwanachama, atakaa kwenye viti vyao na kuitwa sitwayeni. Akishindwa, abebe mfuko na afunge mdomo.

Papa alikuwa na fimbo mbili alizoachiwa na Mzungu mmoja, moja ya kupiga mbali na nyingine ya kusukumia mpira shimoni. Iliyokosekana ni weji, fimbo ya chuma iliyolazwa uso, ya kunyanyua mpira taratibu ukiwa hatua kumi kutoka shimoni. Basi Alhamisi akanishika mkono, mimi binti wa miaka tisa, tukashuka sokoni kwa Mama Kahindo, mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza vyuma vya kila namna. Fimbo za Wazungu aliziweka katikati ya majembe. Kwa nini asiweke? Chuma ni chuma.

Papa alizichambua kama anayechagua mchumba. Ilikuwapo moja inayong'aa, kipini cha ngozi, nami nikaishika hiyohiyo. Akaniondolea mkononi.

"Ona, mwana. Hii ya kung'aa iko na tumbo nyembamba huku chini, itaingia mu udongo. Ile ya kutu iko na tumbo munene. Tumbo njo inatelezaka juu ya muchanga."

Akapitisha ukucha kwenye mistari ya uso wake, akaisimamisha chini kuona kama mdomo umeinuka kidogo, akaipima na goti lake. Ndipo akajivika sura ya mkulima maskini.

"Mama, hii kajembe ni bei gani? Niko natafuta ya kuchimba viazi."

"Jembe ya kupinda shingo hivi!" Mama Kahindo akacheka. "Kamata tu, Papa, unipe bei ya chumvi."

Njia nzima Papa aliimba. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile.

Sasa nyinyi wa rika langu mnajua Jumamosi zetu. Mama alitupanga uani na tupa na jiwe la kunolea, na hapana chuma kilicholala butu. "Nyumba ya jembe butu," alisema, "bavivu njo banalalaka mule." Nilimaliza majembe, nikamaliza visu, nikaona ile weji imeegemea ukuta, nene, butu, aibu tupu. Papa angecheza na kitu kama hicho mbele ya wakubwa? Nilikaa nayo mpaka adhuhuri. Nilikula ule mdomo na tumbo la chini kwa tupa, nikaunoa kwa jiwe, mpaka ukakata jani la mgomba. Nilijivuna kupita kiasi.

Jumapili walifika shimo la mwisho wakiwa sawa, na weji ilikuwa bado haijatoka mfukoni. Mpira wa Papa ulikaa hatua kumi kutoka shimoni, kwenye mchanga. Akachomoa weji, akapitisha kidole gumba chini yake, akasimama. Kisha akanitafuta kwa macho. Nilikuwa mbele ya watu na gauni langu la kanisani. Nikamchekea kwa meno yote, nikajigonga kifua.

"Weye, kamata yangu," Direkteri alimwambia, akicheka. "Hiyo yako iko ya shamba."

"Aksanti, sitwayeni. Hii yangu inatosha."

Akapiga. Chuma kiliingia mchangani kama kimekuja kulima, na mpira ukasogea hatua moja. Watu wenye abakosti walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Mukono yangu imezeeka," Papa akasema. "Weji iko muzuri."

Jumatatu alibeba mfuko. Alibeba miaka mingine mingi, na mpaka tunamzika hakuwahi kunitajia ile tupa. Mimi nilidhani siku ile aliniangalia kunishukuru.

Mwaka huu mpwa wangu anayefanya kazi Kinshasa, kijana ambaye hajawahi kunoa hata penseli, alinionyesha mimi shangazi yake kwenye simu weji kumi na mbili, akaomba ushauri wa ya bei nafuu. Nikamwambia achague yenye tumbo nene, na kutu isimtishe. Akasoma kwa sauti onyo lililoandikwa chini: tumbo lisiguswe kwa tupa, fimbo itachimba badala ya kuteleza. Nikamwomba asome tena.

"Tantine," akacheka, "ni mujinga gani atanoa weji?"

Enzi zetu mtu mzima alilibeba kosa la mtoto mbele ya mji mzima, akaenda nalo kaburini bila kulitaja. Siku hizi tumeendelea. Nilimjibu kwamba simjui.