Moto wa Mwisho wa Serviellac

Serviellac ilipokuwa na meya wake, ilikuwa pia na muhuri wake, kengele yake na ugomvi wake. Halafu serikali ikaiunganisha na Amblard, kijiji kikubwa cha bondeni. Muhuri ukachukuliwa, ofisi ikageuzwa ghala la viazi, vijana wakateremkia viwandani. Kilichosalia ni msitu wa mialoni juu ya mlima. Kwa sheria, msitu ule ungebaki wa watu wa Serviellac maadamu yupo mkazi hata mmoja anayeishi pale. Akiondoka wa mwisho, unakuwa wa Amblard.

Wa mwisho alikuwa Alphonsine Vidalenc.

Kaka zake waliipanda miche ya upande wa kaskazini, wakaenda vitani, wasirudi. Mumewe, Anselme, aliangukiwa na mti humohumo. Alphonsine hakuuchukia msitu kwa hilo. Aliulinda kama mtu anavyolinda kaburi.

Lakini mwaka ule kifua kilimbana tangu theluji ya kwanza. Mikono haikuweza tena shoka. Mwenye msitu mzima akawa anatetemeka kwa kukosa kuni. Alichoma viti, kisha kitanda cha wageni, kisha kabati la nguo za Anselme.

Meya wa Amblard, Fernand Roussange, alimkuta akilivunja kabati kwa nyundo.

"Mama Alphonsine, utakufa humu. Kule hospitali ya wazee kuna joto, kuna supu."

"Supu ya maji. Nimeisikia sifa yake."

"Nakuomba."

"Wewe Fernand! Mimi niliyekufuta makamasi ukienda shule, leo unanitoa nyumbani kwangu?"

"Sikutoi. Nakuokoa."

"Basi niapie. Niapie kwamba nikiondoka hamtaikata mialoni."

Fernand alivua kofia, akaikunja mikononi. Baraza lilikwisha kupiga kura miti ikatwe na kuuzwa; paa la shule lilikuwa linavuja juu ya vichwa vya watoto. Uongo mmoja tu ungemtoa yule mama pale akiwa hai.

"Siwezi kukudanganya," alisema.

"Afadhali." Alikohoa mpaka akashika ukuta. "Basi siendi."

"Niruhusu nikukatie mti mmoja, angalau."

"Mkono wa Amblard ukishaingia huko, nani atautoa?"

Kesho yake Fernand alipanda na trekta, amebeba kuni kutoka bandani kwake. Alphonsine alisimama mlangoni, akakinusa kipande kimoja.

"Umezitoa wapi?"

"Kwangu. Mke wangu amenuna."

"Mwambie asante. Na aendelee kununa, inampendeza."

Alizileta kila wiki. Hawakuzungumzia tena hospitali. Alphonsine alimpa kahawa nyepesi, akamsimulia Anselme alivyokuwa akiimba vibaya, naye Fernand akawa anasikiliza huku akikitazama kifua cha mwenyeji wake kikipanda na kushuka kwa shida. Kila safari alijua kwamba lile neno alilokataa kulisema bado lingefaa. Hakulisema.

Mwezi Machi alimkuta kwenye kiti cha pekee kilichobaki, blanketi magotini, makaa yamezimika.

Walimzika kando ya Anselme. Waliokuja walikuwa wachache, wote wa Amblard. Theluji ilipoyeyuka wakata miti walipanda mlimani, wakamwita Fernand awaonyeshe mahali pa kuanzia. Akasema waanzie kusini.

"Na kaskazini, meya?"

"Mwakani," alisema, akateremka peke yake, misumeno ikianza kunguruma nyuma yake.